Kupunguza Mzigo Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kanuni Nyepesi kwa Mchezo wa Kuigiza

Kikundi chetu hukutana Ijumaa usiku, darini kwenye nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale. Tunaanza baada ya Isha na kumaliza pale mwenzetu wa Likoni anapoanza kuangalia saa kwa ajili ya feri. Ukitoa salamu, kahawa na kaimati, hubaki saa mbili na nusu za kucheza. Kwa mwaka mzima tulicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani kwa maneno na madado, katika toleo lake la tano lililotoka 2014, na tulilipenda. Kisha usiku mmoja pambano na majambazi sita likaanza saa tatu na nusu, likaisha saa tano kasorobo. Kisa kilikuwa kimesimama palepale, wahusika hawajapiga hatua hata moja kuelekea kule walikokuwa wanakwenda, na mwenzetu mmoja alikuwa anasinzia.

Nawaandikia wale ambao tayari wanaujua mchezo huu: msimulizi mmoja anayeuchora ulimwengu kwa maneno, wachezaji wanne au watano kila mmoja na mhusika wake, karatasi, kalamu na madado. Mchezo mnaupenda, ila kanuni zimewazidi muda na nguvu. Nitaeleza jinsi ya kuchagua mfumo mwepesi, yaani seti nyepesi ya kanuni, hatua kwa hatua, na pale nilipo na msimamo nitausema.

Msimamo wa kwanza: usipime wepesi kwa idadi ya kurasa. Shadowdark, mmoja wa mifumo nitakayoitaja, ni kitabu cha zaidi ya kurasa 300, na bado mchezaji mpya huanza kucheza baada ya maelezo ya dakika kumi. Ipo pia mifumo ya ukurasa mmoja inayomchosha msimulizi vibaya, kwa sababu kila kisichoandikwa ni yeye wa kukiamua papo hapo, mbele ya watu wanaomngoja. Mzigo ukiutoa kitabuni huhamia bega la mtu. Kazi yenu ni kujua ni bega la nani lenye nafasi.

Hatua ya kwanza: pimeni kabla ya kutafuta

Wengi huanza kwa kuuliza mfumo gani ni mzuri. Anzeni kwa daftari na saa. Kwa vikao viwili au vitatu, mtu mmoja asiyekuwa msimulizi aandike muda unavyotumika: kuongea na kutenda ndani ya kisa, kupigana, kufungua kitabu kutafuta kanuni, kusubiri mtu aamue, na kujaza hesabu kwenye karatasi ya mhusika. Isiwe kwa sekunde. Dakika tano tano zinatosha.

Sisi tulidhani tatizo letu ni kufungua kitabu. Daftari lilisema ni kusubiri. Katika toleo la tano zamu ya mtu mmoja ina kitendo, mara nyingi kitendo cha ziada, mwendo, na nje ya zamu kuna kitendo cha kujibu. Mchezaji mwangalifu huyapitia yote kabla ya kufungua mdomo. Zamu ya dakika tatu kwa watu wanne, ongeza ya msimulizi, ni robo saa kabla hujarudiwa. Halafu tazama hesabu yenyewe: mhusika mwenye nyongeza ya 5 juu ya dado, anayempiga adui mwenye kiwango cha deraya 15, yaani jumla ya kumpata, anahitaji 10 au zaidi kwenye dado la pande 20. Hizo ni nafasi 11 kati ya 20, yaani asilimia 55. Mara 9 kati ya 20 umesubiri robo saa, umetupa dado, umekosa, na unarudi kusubiri. Hapo ndipo mwenzetu aliposinzia, na sikumlaumu.

Daftari lenu linaweza kusema jambo jingine. Msimulizi akiwa ndiye anayelemewa, kwa kukesha akiandaa maadui na takwimu zao, dawa yake si ile ya wachezaji wanaochelewa. Wachezaji wapya wakikwama kwenye karatasi ya mhusika kabla hata kisa hakijaanza, hilo nalo lina dawa yake. Andikeni sentensi moja tu: "Mzigo wetu uko hapa." Msisonge mbele kabla hamjakubaliana juu ya sentensi hiyo.

Hatua ya pili: kila mtu aseme asichokubali kukipoteza

Gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jambo moja bila kujadiliana, kisha yasomwe kwa sauti. Kwetu mmoja aliandika kwamba anataka mhusika wake aendelee kukua na kupata uwezo mpya. Mwingine alitaka mchawi wake abaki na talasimu nyingi, yaani maneno ya uchawi, za kuchagua. Wa tatu, yule mkimya, aliandika: "Sitaki afe kwa dado moja."

Kipande hicho cha tatu kiliokoa urafiki wetu, nasema kwa dhati. Sehemu kubwa ya mifumo myepesi ya siku hizi inafuata desturi ya zamani ya mchezo huu, ambapo mhusika ni binadamu wa kawaida, na upanga ni upanga: ukikupata vizuri, umekwisha. Anayetoka toleo la tano amezoea kukimbilia vita kwa kuwa mhusika wake hustahimili. Akiingia mfumo mwepesi kwa mazoea hayo, atazika mhusika kikao cha kwanza na ataona amefanyiwa hila. Lisemeni hili mapema, kwa maneno mepesi: katika mifumo hii vita ni hatari, na akili hutumika zaidi kuviepuka au kuviandaa kabla havijaanza.

Hatua ya tatu: chagueni miwili kati ya mifumo hii minne

Iko mifumo mingi mno, na kuisoma yote ni njia nyingine ya kutocheza. Nataja minne ninayoijua vizuri.

Cairn nitakaa nao zaidi, kwa kuwa ndio tuliouchagua. Uliandikwa na Yochai Gal mwaka 2020, na matini yake hutolewa bure. Kijitabu cha toleo la kwanza kina kurasa 24. Mhusika ana sifa tatu tu, kila moja hupatikana kwa kujumlisha madado matatu ya pande 6. Jaribio la kunusurika ni kutupa dado la pande 20 na kupata namba sawa na sifa yako au chini yake. Hakuna tabaka la mpiganaji wala la mchawi: wewe ni vile unavyobeba. Una nafasi 10 za mizigo, kitabu cha talasimu kinakula nafasi moja, na kila ukisoma talasimu unapata uchovu unaokula nafasi nyingine mpaka upumzike. Ukizijaza zote 10, kinga yako, yaani uwezo wa kukwepa mapigo, inashuka hadi sifuri. Kanuni hiyo moja imezaa mabishano matamu kuliko kurasa nyingi za toleo la tano: tuiache kamba au tuiache ngao?

Uponyaji wa tatizo letu ulikuwa hapa: katika Cairn pigo halikosi. Hutupi dado kuona kama umempata adui. Unatupa dado la madhara moja kwa moja, unatoa deraya yake, basi. Chukua mhusika mwenye kinga 4, deraya 1 na sifa ya nguvu 12. Zimwi linampiga kwa dado la pande 8, linatoka 7. Toa 1 ya deraya, zabaki 6. Kinga yake 4 inaisha, na 2 zilizobaki zinaingia kwenye nguvu: 12 inakuwa 10. Sasa anajaribu kunusurika kwa dado la pande 20, na anahitaji 10 au chini, nusu kwa nusu. Akishindwa yuko chini, hawezi kitu, na asipohudumiwa ndani ya saa moja ya kisa atakufa. Kinga hiyo si damu. Ni wepesi wa kukwepa na kujihami, ndiyo maana mapumziko mafupi na maji ya kunywa huirudisha, wakati nguvu iliyopotea hairudi kirahisi. Pambano letu la majambazi tulilicheza upya kwa kanuni hizi, likaisha kwa dakika kumi na mbili. Upande wa pili niuseme pia: hakuna ngazi za kupanda. Mhusika hubadilika kwa yaliyompata kisani, na msimulizi ndiye mwenye kubuni mabadiliko hayo. Kama karatasi zenu za hatua ya pili zimejaa "nataka kukua", fikirini mara mbili.

Shadowdark, wa Kelsey Dionne, ulitoka 2023. Ni wepesi unaofanana na mnachokijua: dado la pande 20, nyongeza, sifa sita zilezile, ngazi za kupanda, na matabaka manne ya mwanzo, yaani mpiganaji, kasisi, mwizi na mchawi. Talasimu haina idadi maalumu ya mara za kutumika: unatupa dado, ukifaulu inafanya kazi na unaweza kuirudia, ukishindwa imekupotea mpaka upumzike. Jambo lake la pekee ni mwanga. Mwenge unawaka saa moja ya saa halisi, ile ya simu yako. Stima ilipopotea mtaa mzima tukiwa katikati ya kikao cha majaribio, tukiwa na kandili moja mezani na kengele ya simu ikihesabu dakika za mwenge, hakuna aliyetaka kuondoka. Vijitabu vya kuanzia hupatikana bure, na vinatosha kwa miezi kadhaa. Kwa kikundi kinachopenda toleo la tano na kulemewa na wingi wake, huu ndio ningeujaribu kwanza.

Dungeon World, wa Sage LaTorra na Adam Koebel, ni wa 2012 na una moyo tofauti. Mchezaji anatupa madado mawili ya pande 6 na kujumlisha nyongeza ya sifa yake. Akipata 10 au zaidi amefaulu. 7 hadi 9 amefaulu kwa gharama. 6 au chini, msimulizi analeta balaa. Kwa nyongeza ya 1, njia 10 kati ya 36 ni za kufaulu kabisa, 16 ni za kufaulu kwa gharama, na 10 ni za balaa. Kwa hiyo karibu mara tatu kati ya nne jambo linasonga mbele, na hata likiharibika kuna tukio jipya. Hakuna foleni ya zamu, na msimulizi hana haja ya kutupa dado kuona kama adui amelenga. Anachohitaji ni ulimi mwepesi: kila 7 hadi 9 inamdai abuni gharama yenye maana, papo hapo. Msimulizi wenu akiwa mtu wa kupanga kila kitu siku tatu kabla, atateseka.

Basic Fantasy, wa Chris Gonnerman, upo tangu 2006, ni bure, na unafuata roho ya kanuni za Dungeons & Dragons za 1981. Una ngazi, orodha za talasimu na majedwali ya kutosha. Ni mwepesi kwa mchezaji, wa wastani kwa msimulizi. Wanaotaka kisa cha miaka utawafaa. Waliochoka na majedwali, wapite.

Hatua ya nne: usomeni kwa sauti, kwa lugha yenu

Kabla ya kuamua, mtu mmoja afungue kanuni na kuwatengenezea wengine mhusika mmoja kwa sauti, kwa Kiswahili, bila kujiandaa. Dakika ishirini. Pale anapokwama kutafsiri ndipo mtakapokwama mezani. Kikundi kinachoongea Kiswahili na kucheza kwa kitabu cha Kiingereza hubeba mzigo ambao hakuna anayeuhesabu: kila kanuni inatafsiriwa kichwani mara mbili, na yule ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha huishia kunyamaza. Nimewaona wasimulizi wazuri wa hadithi, watu wanaoshika baraza zima kwa kisa cha Fumo Liyongo, wakigeuka mabubu mbele ya karatasi yenye ujuzi 18 kwa Kiingereza.

Mfumo mdogo unatafsirika. Leseni ya Cairn inaruhusu kutafsiri na kugawa, mradi mtaje mwandishi wa asili na tafsiri yenu iwe chini ya leseni ileile. Tulikaa jioni tatu. Sifa mbili zilikuja wenyewe: nguvu na wepesi. Ya tatu tulianza kuiita utashi, ikakaa kama neno la darasani. Ndipo mmoja akasema, "Si tuseme moyo tu?" Jaribio la moyo. Kila mtu alielewa bila kufafanuliwa, hata mdogo wake wa miaka kumi na mbili aliyekuwa amekuja kuchukua vyombo, ambaye sasa ni mchezaji.

Neno uchawi nalo lahitaji busara. Pwani hii si neno la mchezo, na mama akipita na sinia akasikia "mimi mchawi, namroga", ana haki ya kuuliza. Zungumzeni na wenye nyumba kabla, waelezeni kwamba ni hadithi, na mkipenda mwiteni mhusika mwenye talasimu kwa jina jingine. Sisi tunamwita mjuzi.

Hatua ya tano: madado, au vikaratasi

Seti kamili ina madado ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Sisi tuliagiza moja kutoka nje na tunaichangia. Kama hamna, au kama kuna mwenzenu anayejiepusha na dado kwa sababu za dini, kateni vikaratasi 20 vya ukubwa mmoja, viandikeni 1 hadi 20, na mviweke kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Kinachotolewa kirudishwe na mfuko utikiswe kabla ya mwingine kuchota. Mkisahau kurudisha, hesabu ya bahati inabadilika. Mkihitaji dado la pande 10, tumieni tarakimu ya mwisho, na 0 ihesabiwe 10. Kwa pande 8, 6 au 12, choteni tena mpaka mpate namba iliyo ndani ya kiwango. Kwa pande 4, namba 1 hadi 5 ni moja, 6 hadi 10 ni mbili, na kuendelea. Pande 6 mnaweza pia kuazima kwenye ludo.

Hatua ya sita: kisa kimoja, mifumo miwili

Hapa msifanye haraka. Andaeni kisa kifupi cha kikao kimoja, mkicheze kwa mfumo wa kwanza Ijumaa hii na kwa mfumo wa pili Ijumaa ijayo, na wahusika wapya kila mara. Kisa kikiwa kilekile, tofauti mtakayoiona ni ya kanuni.

Chetu kilikuwa hiki, na mkitaka mkichukue. Jahazi limepanda mwamba wakati wa bamvua. Maji yamekupwa, jahazi limelala ubavu, na wahusika wamekuja kwa miguu kuchukua sanduku lililo ngamani. Chora miraba sita: kila mmoja ni saa moja ya maji kujaa, nawe unaufuta mmoja kila wakipoteza muda. Weka mambo manne. Baharia mmoja aliyepona, anayejua sanduku lilipo lakini anataka fungu. Sitaha yenye utelezi iliyoinama juu ya matumbawe makali. Mlango uliofungwa kwa ndani. Na ngamani, kile kilichomla nahodha. Hapo mna mazungumzo, hatari ya mazingira, fumbo na pambano, yaani karibu kila kazi ambayo kanuni huombwa kufanya.

Kila kikao kikiisha, kabla ya watu kutawanyika, ulizeni: tulifika mraba wa ngapi? Kitabu kilifunguliwa mara ngapi? Nani alikaa kimya dakika kumi mfululizo? Na msimulizi aulizwe peke yake kama yuko tayari kuendesha kikao kingine kesho yake. Jibu la hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote. Mfumo unaopendwa na wachezaji wanne na kumchosha msimulizi utadumu wiki sita.

Hatua ya saba: kuwahamisha wahusika wa zamani

Msijaribu kugeuza kila namba. Mchezaji ataje mambo matatu yanayomfanya mhusika wake kuwa yeye, na hayo ndiyo yahamishwe. Mjuzi wetu alikuwa na talasimu kumi na nne. Alipoulizwa zipi tatu kisa kingekosa ladha bila hizo, alijibu papo hapo. Zikawa vitabu vitatu, nafasi tatu za mzigo. Kwa wahusika wa mwaka mzima tulitoa kinga 8 kila mmoja, juu kidogo ya mhusika mpya wa Cairn ambaye hutupa dado moja la pande 6, ili yule aliyeandika "sitaki afe kwa dado moja" aheshimiwe. Mwenye kumiliki chombo cha ajabu abaki nacho, ila muamue kinafanya nini kwa sentensi moja.

Hatua ya nane: daftari la hukumu

Kanuni chache maana yake msimulizi ataamua mengi. Kuogelea na deraya, kurusha mshipi, kumtishia askari wa bandarini: hayo hamtayakuta kitabuni. Msimulizi anatoa hukumu palepale, mchezo unaendelea, na anayepinga anangoja mwisho wa kikao. Hukumu iliyokubaliwa inaandikwa kwenye daftari lilelile mlilopimia muda, mstari mmoja, pamoja na tarehe. Daftari likipita kurasa nne, kaeni mfute zisizotumika, la sivyo mtakuwa mmejiandikia upya kile kitabu mlichokikimbia.

Letu lina mistari kumi na tisa. Wa kwanza unasema: anayebeba sanduku majini apoteze nafasi mbili za mzigo, na asiulize tena.